Andalio kamili kwa kila kipindi au mpango wa mada? Namna ya kuchagua kazi inapokuzidi

Tuanze na hesabu. Mwalimu ana vipindi 24 kwa juma. Andalio kamili la somo, lenye malengo, zana, hatua zote za ufundishaji, shughuli za mwalimu na za mwanafunzi, tathmini na maoni, halikamiliki chini ya dakika 40 hata kwa aliyezoea kuandika. Mara 24, ni dakika 960, yaani saa 16. Sasa weka madaftari: madarasa manne yenye wanafunzi 50 kila moja, zoezi moja tu kwa juma, dakika mbili kwa daftari. Hizo ni dakika 400 nyingine, karibu saa saba. Jumla inafika kama saa 23 nje ya vipindi, na bado hatujataja vikao, zamu, kutunga mitihani, kujaza alama wala mzazi anayesubiri mlangoni.

Saa hizo hazipo. Kwa hiyo kila mwalimu mwenye mzigo huo anakata kitu, ajue asijue. Wapo wanaokata usingizi. Wapo wanaopitisha alama ya vema kwenye daftari bila kusoma. Na wengi wetu, nami nikiwamo kwa miaka kadhaa, tumeandika maandalio baada ya kufundisha, siku ya kukabidhi faili, ili nafasi zote zionekane zimejaa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana linakula muda uleule ambao ungetumika kujiandaa kikweli, na halimsaidii mtoto hata mmoja.

Tunacholinganisha

Njia ya kwanza inajulikana: andalio kamili kwa kila kipindi, kwa fomu ya shule.

Njia ya pili naiita mpango wa mada. Mwalimu anakaa mara moja na mada nzima, tuseme ya vipindi sita au vinane. Anaamua inaanzia wapi, inaishia wapi, wazo lipi litangulie lipi, na mwanafunzi aweze kufanya nini mwishoni. Kisha kila kipindi anakiandikia nusu ukurasa tu. Azimio la kazi linakwambia mada gani inafundishwa juma gani. Mpango wa mada unashuka ngazi moja chini yake na kukuonyesha njia ndani ya mada yenyewe.

Shuleni njia ya kwanza huhesabiwa kuwa ya mwalimu makini, na ya pili ya mwalimu anayetafuta wepesi. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Nikisoma andalio la mtu, natafuta mambo manne. Mwanafunzi aweze kufanya nini kipindi kikiisha? Atakosea wapi? Akikosea hapo, nitamuuliza nini? Na nitajuaje, kabla kengele haijalia, kwamba ameelewa? Karatasi inayojibu maswali hayo imeandaliwa vizuri hata ikiwa na mistari sita. Isiyoyajibu haijaandaliwa, hata ikifika kurasa tatu.

Somo moja, karatasi mbili

Nichukue somo la kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, kwa mfano 1/2 + 1/3. Njia ya kawaida ni kutafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili. Kwenye mojawapo ya maandalio yangu ya zamani, hatua ya maarifa mapya ilisomeka hivi:

*Muda: dakika 15. Shughuli za mwalimu: kuwaongoza wanafunzi kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kwa kutumia KDS. Shughuli za wanafunzi: kujumlisha sehemu kwa kufuata mfano ulio ubaoni. Tathmini: je, wanafunzi wanaweza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti?*

Andalio lote lilikuwa kurasa mbili zenye mwandiko safi. Lilisainiwa bila sahihisho lolote. Niliimaliza kazi hiyo usiku wa manane, asubuhi nikaingia darasani macho yamenivimba. Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akaandika 2/5: alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nikamwambia amekosea, atafute KDS. Akatafuta, akapata 5/6, nikamwekea vema. Kesho yake, swali la aina ileile, akajumlisha tena juu kwa juu na chini kwa chini.

Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya kila kitu isipokuwa kosa lile, ilhali ni kosa linalojitokeza karibu katika kila darasa linalokutana na sehemu kwa mara ya kwanza. "Kuwaongoza wanafunzi kujumlisha" ni maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika bila kufikiria lolote. Nami niliyaandika bila kufikiria, kwa sababu nilikuwa na mengine manne ya kumaliza usiku uleule.

Mwaka uliofuata, mada hiyohiyo, niliandika hivi kwenye nusu ukurasa:

*Mwishoni: kila mmoja ajumlishe 1/2 + 1/3 na aseme kwa nini asili lazima zilingane kwanza.*
*Watakosea: 2/5.*
*Nikiiona: nisiifute. Niulize, kati ya 2/5 na 1/2 ipi kubwa? Vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, wakunje, walinganishe.*
*Mifano kwa mpangilio: 1/2 + 1/4, halafu 1/2 + 1/3, halafu 1/4 + 1/3.*
*Kabla ya kengele: 1/3 + 1/5 kwenye kikaratasi. Wakikosea zaidi ya 10, kesho narudi kwenye vipande.*

Ilinichukua dakika 12. Darasani 2/5 ilikuja kama nilivyotarajia, nikaiacha ubaoni, nikauliza swali langu. Kimya. Wakakunja karatasi zao, wakaweka kimoja juu ya kingine, kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, tumeongeza halafu imepungua?" Ndivyo ilivyo: 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Baada ya sentensi yake sikuhitaji kueleza sana kwa nini asili zilingane.

Sitaki mtu asome hapo kwamba nusu ukurasa umelishinda andalio kamili, basi yameisha. Zile dakika 12 zilinunuliwa na mwaka mzima wa kuona kosa lile. Mwalimu aliyeanza kazi mwezi uliopita, akiambiwa aandike nusu ukurasa kuhusu sehemu, hana pa kuitoa hiyo 2/5. Na fomu yenyewe haina hatia. Mpangilio wa hatua tunaoujaza, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, hitimisho, una ukoo mrefu. Wafuasi wa mwanafalsafa Mjerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841, ndio waliogeuza mawazo yake kuwa hatua tano za kufundishia, na hatua hizo zikasambaa katika vyuo vya ualimu vya nchi nyingi. Walitaka mwalimu afikirie safari ya mawazo ya mwanafunzi, kutoka anachokijua hadi asichokijua. Fomu inapojazwa kwa maneno matupu, safari hiyo haipo tena ndani yake.

Muda: usihesabu vipindi, hesabu masomo tofauti

Mwaka 2013 shirika la OECD, katika utafiti wake wa walimu uitwao TALIS, liliwauliza walimu wa madarasa ya mwanzo ya sekondari katika nchi mbalimbali wanatumiaje juma lao. Kwa wastani walitaja saa 38 za kazi: 19 za kufundisha, 7 za kuandaa masomo, 5 za kusahihisha, nyingine zikaishia kwenye vikao, karatasi za ofisini na mengineyo. Gawanya saa 7 kwa saa 19 za kufundisha: ni kama dakika 22 za maandalizi kwa kila saa ya darasani. Huo ni wastani wa nchi ambazo nyingi zina madarasa madogo kuliko ya wengi wetu. Kwa hiyo mwalimu anayedaiwa dakika 40 za kuandika kwa kila kipindi anadaiwa karibu mara mbili ya kile ambacho wenzake hao walikuwa nacho.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo walimu wengi hawaipigi, na ndiyo inayopaswa kuamua njia utakayoishika. Vipindi 24 vinaweza kuwa masomo 6 tofauti ya kuandaa, kila moja likirudiwa katika mikondo minne. Vinaweza pia kuwa masomo 24 tofauti, kama kwa mwalimu mmoja anayefundisha darasa moja hesabu, lugha, sayansi, jiografia na michezo. Walimu hawa wawili wana ratiba zenye idadi ileile ya vipindi, ila mizigo yao haifanani hata kidogo.

Wa kwanza anaweza kuandika andalio kamili kwa masomo yake yote 6, dakika 40 kila moja, na amalize kwa saa 4. Kwake njia ya kwanza inawezekana, na ningemshauri asiikimbie. Andalio moja zuri linafanya kazi mara nne, na kufikia mkondo wa nne limesharekebishwa mara tatu. Wa pili akitaka kufanya hivyohivyo anarudi kwenye zile saa 16. Huyo hana budi kuchanganya: masomo 3 kwa juma ayaandike kikamilifu, dakika 120, na 21 yaliyobaki ayape dakika 10 kila moja, dakika 210. Jumla ni dakika 330, saa tano na nusu. Hizo mtu anazipata bila kuugua.

Mpango wa mada nao una gharama yake ya mwanzo, na nisiifiche. Kukaa na mada ya vipindi sita, kusoma mtaala, kitabu na kiongozi cha mwalimu, kutafuta pa kuanzia na mitego iliyomo, kunanichukua kama saa moja na nusu. Nikiongeza dakika 10 kwa kila kipindi, nafika dakika 150, yaani 25 kwa kipindi. Mara ya kwanza, basi, akiba yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Faida yake hasa inaanza mwaka wa pili, unaporudi kwenye mpango uleule ukiwa na maandishi ya pembeni uliyoyaongeza wakati wa kufundisha.

Pale andalio kamili linapostahili muda wake

Mwalimu mgeni aandike kikamilifu. Nasema hivi nikijua vizuri kwamba ndiye anayechoka kuliko wote. Mzoefu ana mambo mengi anayoyafanya bila kuyaamua: nani anagawa vitabu, mchoro ubaoni unachukua dakika ngapi, kundi la nyuma linanyamazishwa vipi bila kupaza sauti. Mgeni analazimika kuyaamua yote papo hapo huku akifundisha, na kuyaandika usiku uliotangulia kunampunguzia maamuzi ya darasani. Kwake kuandika ni mazoezi. Ila hata yeye asiandike yote 24. Achague mada ngumu na somo la kwanza la kila mada, na shule imsaidie kwa yaliyobaki.

Somo lenye hatari liandikwe kikamilifu, bila kujali umri wa mwalimu kazini. Somo la vitendo lenye asidi, moto, umeme au visu halifundishwi kwa mistari sita. Kiasi cha kila kemikali, mpangilio wa meza, nani anasimama wapi, kitu kikimwagika tunafanya nini: yote yakae kwenye karatasi kabla mlango haujafunguliwa. Nimefundisha miaka mingi na hapo bado naandika kila neno.

Kuna pia mada usiyoimudu vizuri. Kila mwalimu anazo. Kuiandika kwa ukamilifu, pamoja na maelezo yenyewe utakayoyatoa kwa mdomo na majibu ya maswali yote ya zoezi, kunakufichulia pengo lako ukiwa bado mezani kwako. Kipimo changu ni hiki: nikishindwa kuandika sentensi mbili za kueleza wazo hilo kwa mtoto, sijalielewa, na somo hilo linapanda juu ya orodha ya maandalio kamili ya juma.

Na somo ambalo mwingine atalifundisha kwa niaba yako. Mwenzako anayeingia kukushikia darasa ukiwa mgonjwa hawezi kusoma akili yako ndani ya "vipande vya karatasi, wakunje".

Pale mpango wa mada unapolizidi

Andalio la Alhamisi lililoandikwa Jumapili linaweza kufa Jumanne. Darasa likikwama kwenye KDS, kila kilichopangwa kufuata kinasogea, na mwalimu aliyeandika kurasa mbili kwa kila siku anajikuta njia panda: ama aziandike upya, ama afundishe kama alivyoandika huku akiona wazi kwamba darasa halimfuati. Nimeona walimu wazuri wakichagua la pili kwa uchovu tu. Watafiti wa elimu Paul Black na Dylan Wiliam, walipochapisha mapitio yao ya tafiti za tathmini mwaka 1998, walisisitiza jambo hili: kumpima mwanafunzi kunaleta faida pale matokeo yake yanapobadilisha ufundishaji unaofuata. Mpango wa mada umeacha nafasi ya mabadiliko hayo. Unasogeza kipindi kimoja, unabadili mstari mmoja, mada inaendelea.

Jambo la pili ni marudio. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu unapungua kasi. Mwanafunzi wetu hajifunzi silabi tupu, lakini yeyote aliyefundisha Jumatatu na kuuliza Ijumaa anaujua upotevu huo. Andalio la kipindi kimoja haliwezi kuushughulikia, kwa kuwa haliangalii ng'ambo ya kengele. Kwenye mpango wa mada unaona vipindi vyote sita kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kuweka maswali matatu ya kipindi cha pili mwanzoni mwa cha tano, na mawili ya mada iliyopita mwanzoni mwa cha kwanza. Ni dakika tano za somo. Kama kuna kitu kimoja kilichobadilisha matokeo ya wanafunzi wangu kuliko zana zote nilizochora usiku, ni hizo dakika tano.

La tatu ni mwalimu mwenyewe. Darasa linahisi uchovu wa mwalimu haraka kuliko linavyohisi ubora wa andalio lake. Swali zuri linahitaji mtu mwenye subira ya kungoja jibu. Aliyelala saa nne hana subira hiyo, anajibu swali lake mwenyewe na kuendelea.

Mkaguzi na mwalimu mkuu

Hapa wengi wataniambia uchaguzi si wao, na wana haki. Ikiwa shule inadai fomu kwa kila kipindi, huwezi kuamua peke yako kuacha.

Inafaa kujua, hata hivyo, kwamba dai hilo limefikiriwa upya na watu wenye mamlaka. Uingereza, idara ya ukaguzi wa shule iitwayo Ofsted ilitamka wazi mwaka 2014 kwamba wakaguzi wake hawadai maandalio ya kila somo. Wanachoangalia ni kama ufundishaji umepangwa vizuri. Machi 2016 jopo huru lililoundwa kuchunguza mzigo wa walimu katika maandalizi lilisema kwamba kupanga mfululizo wa masomo kuna uzito kuliko kuandika andalio la somo mojamoja. Kanuni za huko si kanuni za kwako. Ila ni hoja unayoweza kuiweka mbele ya mwalimu mkuu bila kuonekana unakwepa kazi: badala ya maandalio 24 ambayo hakuna anayepata muda wa kuyasoma, nitakuletea mpango wa mada na maandalio matatu kamili kwa juma, uyasome na unirudishie maoni. Mkuu anayejali ufundishaji ana sababu ya kulifikiria, kwa sababu kusoma matatu kwa makini kunamwezesha kumsaidia mwalimu kuliko kusaini mafungu.

Akikataa, tumia fomu yake kubeba yale maswali manne. Kwenye shughuli za mwalimu, badala ya "kuwaongoza wanafunzi", andika swali lenyewe utakalouliza. Kwenye shughuli za wanafunzi, andika kosa unalolitarajia. Kwenye tathmini, weka swali la kikaratasi. Nafasi zilizobaki zijaze kwa ufupi unaokubalika, na usijilaumu kwa ufupi huo.

Njia nyingine, kwa ufupi

Maandalio ya miaka iliyopita ni mali, kwa sharti kwamba yana maandishi ya pembeni. Safi yasiyo na alama hata moja ya kalamu yanakurudisha ulipokuwa mwaka jana, makosa yakiwa yaleyale.

Kugawana kazi na walimu wenzako wa somo moja ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote pale inapowezekana. Walimu watatu, mada tatu: kila mmoja anaandaa moja kwa kina na kupokea mbili. Wajapani wamekwenda mbali zaidi kwa desturi yao ya jugyō kenkyū, ambapo kundi la walimu hukaa pamoja kuandaa somo moja kwa undani, mmoja akalifundisha wengine wakiangalia wanafunzi wanavyolipokea, kisha wakalijadili na kulirekebisha. Hawafanyi hivyo kwa kila kipindi, isingewezekana. Wanalichagua somo moja na kulipa undani wote, na walichojifunza humo kinaingia katika masomo mengine. Mimi naona hapo kuna jibu la tatizo letu zima. Tahadhari yangu ni moja: andalio la mwenzako usiliingize darasani bila kujibu mwenyewe maswali ya zoezi lake, maana makosa ya kuandika yapo, na njia yake ya kueleza huenda isikae mdomoni mwako.

Akili mnemba inaulizwa sana siku hizi. Kuna jaribio moja zuri la kulitazama, lililotangazwa na Education Endowment Foundation, taasisi ya utafiti wa elimu ya Uingereza, mwishoni mwa 2024, likiwahusu walimu wa sayansi wa shule 68 za Uingereza. Waliotumia ChatGPT wakiwa na mwongozo waliokoa dakika 25 hivi kwa juma katika kuandaa masomo waliyofuatiliwa, punguzo la asilimia 31, na jopo lililosoma kazi zao halikuona tofauti ya ubora. Dakika 25 si haba, ingawa haziufuti mzigo. Mimi naitumia kutunga maswali 20 ya mazoezi kwa ngazi tatu za ugumu, kazi iliyokuwa ikinila saa nzima, kisha nakokotoa majibu yote mwenyewe kwa sababu nimeikuta ikikosea. Kuamua somo liende wapi siiachii. Inaweza kunitajia makosa ya kawaida ya sehemu; haijui kwamba jana darasa langu lilishindwa kupata KDS ya 4 na 6.

Ungekuwa wewe

Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili kazini: maandalio matano kamili kwa juma, mengine uyatoe kwenye kiongozi cha mwalimu na kwa wenzako, ukiongeza mstari wa "watakosea". Kama unafundisha somo moja mikondo mingi: andalio kamili kwa kila somo, ni masomo machache, linalipa. Kama unafundisha darasa moja masomo yote: mpango wa mada, na matatu kamili unayoyachagua kwa ugumu wake. Kama umebadilishiwa somo katikati ya mwaka, jihesabu mgeni tena, angalau kwa muhula mmoja, na uwaombe wakupunguzie zamu. Kama una madaftari 200 na hujalala vizuri wiki ya tatu sasa, anza na kusahihisha kabla ya kugusa maandalio: vikaratasi vya swali moja mwishoni mwa kipindi vinasomwa kwa dakika 10 na vinakwambia mengi kuhusu kesho kuliko madaftari yaliyokaa siku nne kwenye kabati.

Mimi huchagua yangu matatu Ijumaa, kabla sijatoka shuleni, juma likiwa bado kichwani. Mengine yanabaki nusu ukurasa. Na kila kipindi kikiisha naongeza mistari miwili kwa kalamu nyekundu nikiwa bado nimesimama. Kwenye karatasi ya sehemu ya mwaka huu imeandikwa hivi: *14 wamekosea, wengi wameandika 2/8. Kesho nianze na vipande vya karatasi, mikunjo ya theluthi na ya tano.*